Hadi Diski Ilikwenda Harusini

Mjomba wangu ana duka pale Mwanga, Kigoma, la nyavu, kamba na taa za wavuvi wa dagaa. Kazi yake hasa ni kukopesha. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawafuati taa, mitumbwi inalala ufukweni na wavuvi wanaishi kwa mkopo. Giza likirudi wanavua, wanalipa. Madeni yote hayo yanakaa ndani ya kompyuta ya Pentium yenye Windows 98, kwenye programu ya DOS, mfumo uliotangulia Windows, ambayo aliyeitengeneza hajulikani alipo. Ukimshauri mjomba anunue laptopu, anakujibu kwamba mke haachwi kwa sababu amezeeka. Mkewe akiwa dukani, hukohoa.

Mwaka jana hadi diski yake ya GB 2.1, pale kompyuta inapotunza kila kitu, ikaanza kulia kama mashine ya kusaga iliyokosa mahindi. Fundi wa ukoo ni mimi. Nikaamua kuweka CompactFlash, zile memori kadi pana za kamera za zamani. Wapo wanaodhani huo ni uchawi. Tangu SanDisk walipoitoa mwaka 1994, kadi hiyo ina ubongo wake ndani unaozungumza lugha ileile ya hadi diski za IDE, zile za kompyuta za zamani, kwa hiyo adapta yake karibu yote ni nyaya tu: pini 50 za kadi upande huu, pini 40 za IDE upande ule. Kadi za SD ndizo zinazohitaji mkalimani. Nikachukua ya GB 4, sikutaka makuu, maana BIOS, ile programu ndogo inayoiamsha kompyuta, nyingi za enzi zile haziioni diski kupita GB 8.4, na za kabla yake hukwama kwenye MB 504.

Nikawasha. Kimya. Mjomba akadhani imekufa, akaipiga kofi.

"Mjomba, iache, inafanya kazi."

"Mjomba, kitu kinachofanya kazi kina sauti."

Ningeishia hapo ningebaki na heshima yangu. Lakini sifa! Nilikuwa nimenunua adapta yenye bati, ile inayokaa nyuma ya kasha, kadi unaichomoa bila kugusa hata skrubu. Kila aliyeingia dukani nilimzungusha nyuma aone. Mmojawapo alikuwa binamu yangu, mtoto wa mjomba, mpiga picha za harusi.

Jumamosi moja akapata kazi ya harusi ya binti wa mwenye mitumbwi saba, mteja mwenye deni refu kuliko wote kwenye kompyuta ile. Kadi yake ikajaa kabla bibi harusi hajaingia ukumbini. Ni usiku, maduka yamefungwa, lakini ufunguo wa duka la baba yake anao. Akaenda akachomoa hadi diski, akaitia kwenye kamera, na kwa kuwa ni mtu anayeijua kazi yake, hapigi picha kwenye kadi asiyoifomati. Akafomati. Kinachouma ni kwamba nafasi ilikuwepo tele. Kamera ingeweka folda yake pembeni ya madeni na tungeishi wote kwa amani. Usiku wa manane akairudisha mahali pake, akipanga kunifuata Jumatatu tuhamishie picha kwenye laptopu yangu.

Jumatatu asubuhi mjomba akanipigia simu. "Mjomba, leo imenyamaza kwa namna nyingine."

Skrini ilikuwa inaomba diski ya kuwashia. Sikuuliza wala sikuchunguza. Nilikuwa na nakala kamili ya kadi ile, ya miezi miwili nyuma, na nilikuwa nikiisubiri siku hii kama mtu aliyesomea uzimamoto. Nikaimwaga nakala juu ya kadi, GB 4 zote, mwanzo hadi mwisho. Windows ikafunguka. Mjomba akaninunulia soda.

Sijafika nusu ya chupa, binamu akaingia akinong'ona. "Kaka, kabla mzee hajaanza kuitumia, nitolee zile picha."

Fomati ya kamera kwa kawaida hufuta orodha tu, mafaili yenyewe yanabaki chini na programu za kuokoa huyafukua. Nakala yangu haikugusa orodha tu. Iliandika juu ya kila kitu. Bibi harusi, bwana harusi, keki na MC, wote walikuwa wamegeuka Windows 98.

Mchana akaja mwenye mitumbwi. Kompyuta ikamdai deni alilokwisha kulipa giza lililopita. Akatoa risiti, akaitandaza mezani, kisha akauliza picha za mwanawe ziko wapi.

Ikaamuliwa harusi irudiwe, palepale dukani. Suti ya kukodi ilikuwa imesharudishwa, hivyo bwana harusi akavaa koti la mjomba, mikono ikamfunika mpaka vidole. Keki ilikuwa imeliwa. Mjomba, ambaye hajawahi kuruhusu mtu aihamishe mashine yake, akang'oa nyaya mwenyewe, akaliweka kasha juu ya meza, mkewe akalifunika shuka jeupe na kupanga maua. Maharusi wakashika kisu. Binamu akahesabu: moja, mbili...

"Ngoja," mjomba akasema. "Kadi yako si ilijaa? Hiyo kamera ina kadi gani?"

Binamu hakutoa jicho kwenye kamera. Nikazunguka nyuma ya keki, nikainua shuka.