Gato Moja Inanitosha

Tangu baba mkwe wangu agunduliwe na ugonjwa wa sukari, watu wote wa nyumbani tuligeuka madaktari. Mama mkwe alimpimia bugali kwa ngumi, na ngumi yenyewe ilikuwa ya mama, si ya mzee. Wifi yangu alihamishia kopo la sukari ndani ya sanduku la vitenge. Mume wangu, ambaye shuleni yeye na biolojia hawakuwahi kusalimiana, alitufundisha habari za insulini mezani huku anatia kijiko cha tatu kwenye chai yake. Watoto nao walipewa zamu: mkimwona Koko, babu yenu, anasogelea ndizi mbivu, pigeni kelele. Walipiga kweli, hasa pale ndizi yenyewe walipokuwa wanaitaka wao.

Muzee alinyamaza. Ni kontabla mstaafu, mtu wa kuhesabu chenji, akairudia, akaikunja, ndipo aseme aksanti. Tukadhani amekubali.

Mwezi wa kumi na moja mwaka 2019, upande wa mchumba wa wifi wakatuma neno kwamba Jumapili wanakuja kuzungumza mahari. Kwetu Bashi, watu wa upande wa Bukavu, kusema mahari ni kusema ng'ombe, na ng'ombe hawazungumzwi watu wakiwa koo kavu. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, iliagizwa, soda zikaagizwa, ikabaki kitu cha kutafunia chai. Nikajitolea. Mimi ndiye mpika gato, yaani keki, wa ukoo huu, na nilitaka siku hiyo Muzee naye atafune mbele ya wageni wake, si kukaa anatazama midomo ya wenzake. Nikatangaza: nitaoka gato ndogo za vikopo, bila hata chembe moja ya sukari.

Silaha ninayo. Binamu wa mume wangu anayeishi Antwerpen, Ubelgiji, alikuwa ametutumia mfuko wa kilo moja wa kitu kinachoitwa maltitoli. Ukikitazama ni sukari, ukikiramba ni sukari, unakipima kama unavyopima sukari. Si vile vidonge vya aspartame vya kutia kwenye chai, ambavyo ukivipeleka motoni utamu unaaga dunia, unabaki na unga wa ngano na masikitiko. (Mtu aliyegundua utamu wa aspartame mwaka 1965 alilamba kidole ili afunue karatasi, akakuta kidole kitamu. Na yule wa sakarini, mwaka 1879, alitoka kwenye maabara akaenda kula bila kunawa vizuri, mkate ukawa mtamu mkononi. Kwetu ukikaa mezani bila kunawa unachapwa. Wenzetu wanaandikwa vitabuni.)

Binamu aliogopa mfuko usipasukie ndani ya ndege, akauzungushia gundi pana ya katoni. Nilipoivuta gundi ikaondoka na upande mzima wa Kifaransa. Maandishi yote yakang'oka, ikabaki karatasi nyeupe. Ule upande mwingine, wa Kiflamani, lugha ya huko Antwerpen, ulikuwa salama, herufi zote mahali pake, na katika nyumba yetu hakuna aliyejua hata salamu ya Kiflamani. Ndivyo nilivyoamini. Isitoshe, kwenye mfuko wa sukari kuna nini cha kusoma?

Jumamosi usiku umeme ulikwenda zake, nikaoka kwa makala, yaani makaa. Sufuria kubwa juu ya mbabula (jiko la makala), mchanga chini, vikopo vya tomate juu ya mchanga, kifuniko, na makala mengine juu ya kifuniko. Unga wa ngano nusu kilo, maltitoli gramu 400, mayai, mafuta, maziwa, levire, vanila. Ndani ya vikopo nilitandika karatasi za daftari la zamani la hesabu la mwanangu, nilizozipaka mafuta. Zikatoka gato 24, zimeumuka vizuri, laini, ila zilikataa kabisa kugeuka rangi. Niliongeza makala juu, nikafunika, nikafunua: bado nyeupe. Baadaye nimejua kwamba maltitoli haiungui ikawa kahawia kama sukari. Usiku ule nilijua tu kwamba siwezi kuwapa wakwe gato zenye rangi ya mtu aliyetoka kulazwa, nikazipaka kiini cha yai na kuzirudisha motoni. Zikapendeza. Mama mkwe alionja moja, akafumba macho, akasema, "Hii haina sukari? Weye unanidanganya."

Jumapili asubuhi Muzee akaingia jikoni, jambo ambalo kwa desturi halifanyi.

"Nionyeshe hicho mnachonilisha."

Nikampa mfuko. Akavaa miwani, akaugeuza, akausoma polepole mpaka chini kabisa kwenye herufi ndogo. Nilimwonea huruma, mzee wa watu, anavyojifanya anasoma.

"Umetia kiasi gani?"

"Gramu 400, Papa."

"Gato ngapi?"

"Ishirini na nne. Mama alionja moja, zimebaki 23."

Akatazama dari, midomo inacheza. Nikadhani anaomba. Kisha akachukua gato moja, akabandua karatasi chini yake, akaishika mbali na macho.

"Saba mara nane si hamsini na nne," akasema. "Mwambie mtoto arudie." Akairudisha gato kwenye sinia. "Wageni wapewe vizuri. Mimi moja inanitosha."

Tulimsifu siku nzima. Mume wangu alisema hiyo ndiyo nidhamu ya wazee.

Wageni walifika na mvua. Walikuwa saba, na msemaji wao alikuwa baba mdogo wa kijana, mtu mnene, suti ya kijivu, sauti ya kujaza kanisa bila mikrofoni. Huyu bwana alikuja na methali zake zimepangwa. Alipoona sinia akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" akachukua mbili. Wifi akaeleza kwa maringo kwamba hizo ni gato za kisasa, hazina sukari hata kidogo.

"Haina sukari?" msemaji akauliza. "Basi hata hesabu haina." Akaongeza mbili.

Na Muzee, mtu ambaye kwa miezi hakuruhusiwa kugusa sinia ya kitu chochote, ndiye aliyekuwa anaipitisha. Kula, ndugu yangu. Mama, ongeza. Mpeni kijana, anakonda na mapenzi. Mama mkwe akala tatu juu ya ile ya kuonja. Mume wangu nne. Muzee alikula ya kwake kwa vipande vidogo, akafuta vidole, akafungua daftari lake na penseli.

Mazungumzo yakaanza. Msemaji alizunguka vizuri: wamepita, wameona ua zuri, wanaomba kulichuma. Akafikia ng'ombe. Wanne, akasema, na akapanga sababu zake: mtoto bado anasoma, maisha ni magumu, ng'ombe wa siku hizi si wa zamani. Muzee akasema wanane. Watu wakacheka, kama inavyotakiwa kucheka hapo.

Ndipo nikasikia mlio. Mwanzoni nilidhani ni ngurumo za mvua, mpaka nilipoona msemaji amekatiza methali katikati na kushika mkono wa kiti. Tumbo lake liliendelea na hotuba peke yake. Upande wa pili likajibu la mke wake. Kisha la mume wangu, ambaye alikohoa ili kulifunika na akajuta kukohoa.

"Watano," msemaji akasema, kasi kidogo.

"Haraka haraka haina baraka," Muzee akajibu. "Kabla ya watano, mjue huyu mtoto ametoka wapi. Tuanze kwa baba wa babu yangu, aliyekuja kwa miguu kutoka Walungu."

Na akaanza. Wallahi sijawahi kumsikia Muzee akisema maneno mengi vile. Alitaja wake wa yule babu, mmoja mmoja, na watoto wa kila mke. Alisimama kwenye kila kilima kati ya Walungu na Bukavu apumzike. Msemaji alivuka mguu wa kulia, akavuka wa kushoto, akaishia kukaa wima kabisa bila kupumua, jasho linamtiririka kwenye kola na hali nje kuna baridi.

Hapa lazima mjue ramani ya kwetu. Nyumba iko kwenye mteremko, na choo ni kimoja, chini, nyuma ya jiko, unashuka ngazi za udongo ambazo mvua ikinyesha zinakuwa na maamuzi yao. Mwavuli nao ni mmoja. Wa kwanza kuuchukua alikuwa mke wa msemaji. Aliomba samahani, akatoka kwa hatua za heshima mpaka mlangoni, na baada ya mlango tukasikia anakimbia. Kuanzia hapo, mwenye mwavuli ndiye mwenye zamu. Mama mkwe alisimama mlangoni anausubiri, sura yake bado ya ibada, mikono imeng'ang'ania kitenge. Nyuma yake mchumba mwenyewe, aliyekuja kuomba mke na sasa anamwomba mama mkwe wake mtarajiwa amruhusu apite mbele. Mama alimtazama tu. Watoto walinituma kwa sauti ya juu niongeze maji kwenye bidoni la chooni, wakitaja sababu.

"Sita," msemaji akasema.

"Tulikuwa tumefika kwa mke wa tatu," Muzee akasema. "Huyu alizaa mapacha."

"Saba!"

Muzee alichonga penseli. Nakwambia alichonga penseli, kwa kisu kidogo, anaizungusha, anapuliza unga wake, anaitazama ncha kwenye mwanga. Msemaji alikuwa ameinuka nusu kutoka kwenye kiti, na hapo mwavuli ukaonekana unarudi, unapanda ngazi.

"Nane!" akapiga kelele. "Nane, na mbuzi juu yake!"

Akapita kati ya mama mkwe na mchumba, akaunyakua mwavuli mkononi mwa mtu hata sikumwona ni nani, akapotea mvuani. Ile suti ya kijivu iliporudi ilikuwa ya udongo upande mzima. Ngazi zilikuwa zimeamua.

Muzee aliandika: ng'ombe 8, mbuzi 1. Akapiga mstari chini yake kwa rula.

Jirani yetu muuguzi, aliyekuja jioni kuona kwa nini tumeazima choo chake, ndiye aliyetufungua macho. Maltitoli haifyonzwi yote na utumbo mwembamba, akasema. Inayobaki inashuka chini, inavuta maji, na bakteria wanaichachusha, ndiyo zile ngurumo. Ukila gramu 30 au 40 kwa mara moja, matumbo mengi yanaanza kulalamika. Na tena, akaongeza, mgonjwa wa sukari asiile ovyo, maana nayo inapandisha sukari, ila kidogo kuliko sukari yenyewe. Nikapiga hesabu: 400 gawanya kwa 24 ni gramu kama 17 kwa gato. Msemaji alikuwa amebeba karibu 70. Na moja, moja ingemtosha mtu na isimfanye kitu.

Moja.

Nilimkuta Muzee barazani, mfuko uko magotini.

"Papa, unajua Kiflamani?"

"Nilianza kazi nikiwa kijana kwenye ofisi ya mapadri Waflamani. Walikuwa wananisema kwa lugha yao nikiwa hapohapo. Baada ya muda ukisemwa kila siku, unaelewa." Akaweka kidole kwenye herufi ndogo. "Hapa wameandika ukila kupita kiasi tumbo linafunguka."

"Ulisoma asubuhi! Kwa nini hukutuambia?"

Alivua miwani, akaifuta.

"Mwanangu, tangu mwezi wa tatu katika nyumba hii hakuna aliyeniuliza kitu juu ya chakula. Wananiambia tu."

Kutoka ndani sauti ya mama mkwe ikauliza, kwa unyonge, kama choo kiko wazi. Muzee akageuza uso kutazama mvua, na mabega yake yakawa yanatikisika.

Upande wa pili walikaa kimya wiki ile. Kisha msemaji akapiga simu, na Muzee akaiweka sauti ya nje ili sisi sote tusikie. Bwana yule alikuwa amepata nguvu na methali zake zote. Alisema neno lililotoka kwa mtu mgonjwa si neno, ng'ombe nane ni wengi, turudi mezani.

"Neno limesemwa mbele ya mashahidi," Muzee akamjibu.

"Mashahidi gani, Muzee? Mashahidi wote walikuwa wamepanga mstari mvuani!"

Muzee akafikiri kidogo. Akachukua daftari, akatafuta ukurasa, akafuta mbuzi.