Mgonjwa wa kifua kikuu hahitaji kuambiwa "vumilia" tu

Kila mwaka Machi 24, Siku ya Kifua Kikuu Duniani, ikikaribia, simu hujaa jumbe za kuwatia moyo wagonjwa: vumilia, subira yavuta heri, baada ya dhiki faraja. Aliyetuma huona amesaidia. Mimi huudhika, maana mgonjwa aliye mwezi wa tatu wa dawa hakosi methali. Anakosa nauli, chakula cha mchana, na mtu wa kumuuliza jioni, "Umemeza?"

Wengi wanaohubiri uvumilivu hawajawahi kuihesabu dozi yenyewe. Kifua kikuu cha kawaida, kisicho sugu kwa dawa, hutibiwa miezi sita. Miezi miwili ya kwanza ni vidonge vyenye dawa nne kwa pamoja: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Miezi minne inayofuata hubaki rifampisini na isoniazidi. Mtu mzima humeza vidonge viwili hadi vitano kwa mkupuo, kulingana na uzito wake, kila siku ya Mungu. Kwa hesabu ya siku 28 kwa mwezi, hizo ni dozi 168.

Watu hudhani pagumu ni mwanzoni. Mwanzoni hofu yenyewe humsukuma mtu ameze: anakohoa damu, analowesha shuka kwa jasho, amekonda, na ndugu wamejaa chumbani. Wiki chache baadaye homa imekata, kikohozi kimepungua, mwili umeanza kurudi. Kufikia mwezi wa tatu kila mtu anamwona mzima, naye mwenyewe anajiona mzima, na waliokuwa wakimletea uji wamerudi kwenye shughuli zao. Hapo ndipo dawa huachwa. Na hapo ndipo pabaya kuacha. Bakteria wanaozaliana wameshakufa kwa wingi, lakini wamebaki waliolala, ambao dawa huwapata kwa shida. Hata bakteria aliye macho hugawanyika polepole mno, mara moja kwa saa kama 20. Miezi minne ya mwisho ni kwa ajili ya hao waliosalia. Ukiacha, huamka. Ukimeza kwa kurukaruka, wenye usugu ndio wanaobaki na kuzaana.

Kwa hiyo uvumilivu unaotakiwa ni wa mtu ambaye haumwi tena, na huo hupangwa. Saa ya kumeza iwe moja na ifungwe na jambo lisilokosekana: swala ya alfajiri, au taarifa ya habari ya usiku. Rifampisini hufanya kazi vizuri tumbo likiwa tupu, lakini kichefuchefu kikizidi, meza na chakula kidogo au wakati wa kulala. Dozi iliyomezwa na kipande cha muhogo ikakaa tumboni ni bora kuliko iliyofuata sheria ikatapikwa. Ukisahau asubuhi, meza ukikumbuka siku hiyohiyo, na kesho usimeze mara mbili. Kadi ya dawa itiwe alama palepale. Ukingoja mwisho wa wiki utakuwa unakisia. Makohozi hupimwa tena mwisho wa mwezi wa pili, wa tano na wa sita, na miadi hiyo isirukwe kwa sababu mtu amenenepa.

Halafu kuna maudhi ya dawa, ambayo mgonjwa ayajue tangu siku ya kwanza. Mkojo na machozi huwa rangi ya chungwa kwa sababu ya rifampisini, na hilo halina madhara. Asiyeambiwa ataamini figo zimeharibika, na anaweza kuacha dawa kwa hofu hiyo tu. Miguu kuwaka moto au kufa ganzi hutokana na isoniazidi, na huzuiwa kwa vitamini B6. Uliza kama umepewa. Viungo kuuma mwanzoni mara nyingi ni pirazinamidi, na dawa ya maumivu hutuliza. Anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango ajue rifampisini huvipunguza nguvu. Pombe iachwe, ini lina kazi ya kutosha.

Lakini macho yakiwa ya njano, au kuona kukififia na nyekundu ikafanana na kijani, hapo si pa kuvumilia hata kidogo. Simamisha dawa, nenda kituoni siku hiyohiyo. Kumwambia mtu mwenye manjano avumilie kunaweza kumuua.

Kuna pia njaa, na hii ndiyo inayoniuma zaidi. Mwili ukianza kupona, hamu ya kula hurudi kwa nguvu, kwenye nyumba ambayo baba au mama hajafanya kazi miezi miwili. Dawa ni bure. Ugali si bure, wala basi la kwenda kliniki. Mchimbaji wa tanzanite wa Mirerani aliyeambiwa apumzike na vumbi la mwamba hurudi shimoni mwezi wa tatu kwa sababu watoto lazima wale, ingawa vumbi hilohilo huharibu mapafu na kumweka karibu zaidi na ugonjwa. Kumwita mzembe ni dhuluma.

Nakubali, shingo upande, kwamba dua na neno jema vimewasimamisha wengi. Ila tazama kilichowasaidia wagonjwa kwa maelfu. Zamani matibabu yalichukua takriban miezi 18. Majaribio yaliyofanyika Afrika Mashariki miaka ya 1970 yalisaidia kuthibitisha kwamba sita inatosha ukitumia dawa sahihi. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa, na daktari Karel Styblo akafanya kazi nao: mgonjwa asimamiwe akimeza, kila mmoja aandikwe na afuatiliwe mpaka mwisho, dawa zisikatike. Shirika la Afya Duniani lilieneza mfumo huo miaka ya 1990 kwa jina la DOTS. Hata kifua kikuu sugu, kilichokuwa na sindano za miezi mingi zilizowaacha baadhi viziwi, tangu 2022 kina tiba ya vidonge ya miezi sita kwa wagonjwa wengi. Hakuna aliyewasifu wagonjwa kwa ustahimilivu akaishia hapo. Walipunguza kile cha kustahimili.

Na aliyekatisha, iwe wiki au miezi, arudi. Asijianzishie vidonge vilivyobaki kabatini. Kituoni watampima na kuamua kama anaendelea au anaanza upya. Ukiwa ndugu yake, usimsute. Mlipie bodaboda, kaa naye kwenye foleni, na mkirudi nyumbani mpange upya saa ya kumeza na nani atauliza.