Tulivyopwelewa na Mama Mkwe

Kisa chote kimeletwa na usukani.

Nilikuwa nimeuza ploti yangu ya Mtwapa, nikamshawishi mke wangu tununue kiboti, tuwe tukiwatoa watoto Jumapili badala ya kwenda Mama Ngina, hapa Mombasa, kuhesabu magari ya feri. Muuzaji mmoja wa Tudor alikuwa na boti mbili kuukuu, zote za faiba. Ya kwanza chini ni bapa kama sinia, mashine ya farasi 15, waiendesha umeketi tezi, nyuma kabisa, mkono wa mashine kwapani, kama mvuvi. Ya pili imechongoka chini, farasi 40, ina turubali la kivuli, viti vya sponji, na usukani wa duara kama wa gari. Na mimi maisha yangu yote ni mtu wa kiti cha nyuma cha matatu.

Ami yangu, mvuvi tangu utotoni, aliziinamia zote mbili akazipapasa.

"Ukitaka kutoka nje ya miamba, chukua hii iliyochongoka, yapasua wimbi. Hiyo bapa ikikutana na kusi itakupiga makalio mpaka useme yote. Lakini wewe wataka kupeleka watoto mikokoni, na huko maji ni ya magoti. Chukua bapa."

Nikamshukuru kwa adabu zote, nikaenda kumwomba muuzaji niijaribu ile ya usukani.

Jumapili tukafika: mke, watoto watatu waliofura ndani ya jaketi okozi, na mama mkwe na hotpoti lake la biriani, chupa ya chai na mahamri. Kabla ya kupanda akaniuliza, "Mwanangu, leo mwezi ngapi?"

Nikajua anachungulia mfuko wangu. "Ishirini na mbili, mama. Mshahara bado, lakini hatukosi."

Akanitazama kwa muda, akakaza buibui lake, akapanda.

Tukaliacha daraja la Nyali nyuma, tukashika upande wa Mikindani. Saa mbili na robo, nikiendesha kwa kidole kimoja ili mke wangu aone, boti ikasimama. Haikugonga kitu. Ilisimama taratibu kama matatu inayoshusha abiria. Nikaongeza moto. Mashine ikachemsha tope jeusi kama kahawa chungu, likaturudia usoni sote.

"Tumepwelewa, maji yametukimbia," akasema mama mkwe, akijipangusa. "Nilikuuliza mwezi wa mbinguni ukanitajia mshahara. Jana ulikuwa kumi na tano. Leo ni bamvua."

Wenzetu wa bara, bamvua ni yale maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na si mchezo. Maji ya kujaa na ya kupwa huachana zaidi ya mita 3, na asubuhi hukimbia mpaka kiasi cha saa nne unusu ndipo yageuke. Tulikuwa ndio kwanza tumeanza kupwelewa.

Sasa, boti iliyochongoka ikikosa maji haikai. Inalala ubavu. Ililala polepole, na sisi tukawa twateremka polepole nayo: kwanza chupa ya chai, kisha mtoto mdogo, kisha mimi, mpaka nikajikuta nimeegemea bega la mama mkwe, jambo ambalo katika miaka 12 ya ndoa sikuwahi kulifanya. Hotpoti likaja la mwisho. Lilisita kwenye ukingo kidogo, kama linalotuaga, kisha likafunguka topeni. Kaa wakatokea kila shimo.

Vijana wawili waliokuwa wakitafuta kaa hao hao wakapita kwa miguu, tope la magoti. "Shikamoo, mama," wakaamkia, wakatuzunguka, wakaenda zao. Nikampigia ami. Alicheka mpaka salio langu likaisha.

Maji yalituinua saa saba kasoro robo. Muuzaji alikuwa ufukweni anangoja. "Vipi, umeipenda?"

Mama mkwe akanitangulia kujibu: "Hiyo nyengine ikipwelewa, yakaa sawa?"

"Kama mkeka, mama."

"Basi ni hiyo."

Nimelipia bapa. Siku hizi kila Jumamosi usiku mama mkwe hunipigia simu, na salamu hazijaisha ashauliza, "Kesho mwezi ngapi?" Namjibu. Kisha anauliza na mshahara.