Povu la Boksi Lirudi na Guta Lililoleta Jokofu

Jirani yangu hapa Tabata, Dar es Salaam, aliletewa jokofu jipya kutoka Kariakoo, na kabla dereva wa guta hajamaliza kukunja kamba zake, boksi lilikuwa limeshachanwa na watoto wameshagawana vipande vya lile povu gumu jeupe linalokinga bidhaa isigongwe njiani. Mmoja alikikalia kipande chake akakifanya pikipiki. Mwingine alianza kukimega kwa vidole, na chembe zake, nyepesi kuliko pumba, zikamganda kwenye vinyweleo vya mkono kiasi kwamba kila alipozipangusa zilihamia mkono wa pili. Kuku wa nyumba ya nyuma walifika wakaanza kuzidonoa. Jioni mabaki yalichomwa moto pembeni ya ukuta, moshi mweusi ukaingia madirishani mwetu, na chembe ambazo moto haukuzifikia zilisombwa na mvua ya usiku hadi kwenye mtaro unaomwaga maji yake Mto Msimbazi.

Sikumlaumu jirani, wala simlaumu leo. Alikuwa amenunua jokofu, hakununua povu, na hakuna mtu yeyote katika safari nzima ya bidhaa ile, kuanzia kiwandani hadi mlangoni kwake, aliyemwambia la kufanya na kitu kilichojaza nusu ya uwanja wake. Ninaandika makala haya kwa sababu ninaamini kitu hicho kina thamani, na kwamba tunakitupa si kwa ubovu wake bali kwa sababu tumekosea namna ya kukipima.

Kwa jina la kitaalamu ni polistirini iliyoumuliwa, ingawa wengi mtaani husema tu "yale meupe ya kwenye boksi la TV". Neno kuumuliwa linalistahili hasa. Kiwandani huanza kama chembe ndogo za plastiki mfano wa sukari, ambazo ndani yake mna gesi iitwayo pentani. Zikipigwa mvuke wa moto huumuka kama unga wa maandazi hadi kufikia mara kadhaa ya ukubwa wake wa awali, kisha hushindiliwa ndani ya kalibu na kushikana kwa umbo linalotakiwa. Kampuni ya BASF ya Ujerumani ndiyo iliyoanza kulitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1950. Povu linapotoka kwenye kalibu, takriban asilimia 98 ya ujazo wake ni hewa. Hewa hiyo ndiyo inayolifanya lizuie joto, lielee majini na kupokea mshtuko bila kupasuka, na hewa hiyohiyo ndiyo inayoliponza.

Biashara yetu ya chakavu, kama inavyojulikana, inaendeshwa kwa mizani. Mita moja ya ujazo ya chuma kitupu ina uzito wa zaidi ya kilo 7,800, ilhali mita moja ya ujazo ya povu la kufungashia kwa kawaida haina zaidi ya kilo 30, na mara nyingi ni kilo 15 au 20. Mwokota chupa akijaza kiroba kizima cha povu na kukibeba kichwani kutoka Tabata hadi kwa mnunuzi, atakuwa amebeba mzigo unaoziba barabara na usiosogeza mshale wa mizani. Nilimuuliza kijana mmoja anayepita kwetu kila Alhamisi kwa nini anachukua boksi na kuliacha povu lililokuwa ndani yake, akanijibu kwa maneno matatu: "Hili halina kilo." Sijapata kusikia maelezo bora ya tatizo hili, hata kutoka kwa wasomi.

Kama tatizo ni kusafirisha hewa, basi hatua ya kwanza haiwezi kuwa kiwanda cha mbali cha kuliyeyusha. Hatua ya kwanza ni kulitumia lilipoangukia, likiwa zima, kwa kazi ileile ya hewa iliyomo ndani yake.

Nitatoa mfano ninaoujua kwa mikono yangu, kwa kuwa unafanyika jikoni kwetu mara mbili kwa juma. Tuna boksi la povu lililokuja na bidhaa dukani, lenye kuta nene na mfuniko unaobana vizuri. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huinjikwa asubuhi na kuchemka kwa nguvu kwa dakika 20 kamili, na hapa pasifanyike haraka, kwa maana maharage, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili ambayo huondolewa na mchemko wa kweli na wala si joto la uvuguvugu. Kisha sufuria, ikiwa imefunikwa na ingali inatokota, huzungushiwa taulo kuukuu na khanga mbili, huwekwa ndani ya boksi na kufunikwa. Baada ya saa nne hivi tunayakuta maharage yameiva, yamelainika bila kupasuka, na yakichemshwa tena kidogo kabla ya kuungwa huwa tayari kwa mlo. Mkaa uliotumika ni ule wa dakika 20 za mwanzo na wa mchemko mfupi wa mwisho tu. Kwa bei ya gunia la mkaa ilivyo sasa, mwenye familia hahitaji kuhubiriwa kuhusu misitu ili aone faida yake.

Taulo na khanga katika kazi hii si mapambo. Povu hulegea na kunywea linapokaribiana na joto la maji yanayochemka, kwa hiyo sufuria isiliguse moja kwa moja, na boksi lenyewe likae mbali kabisa na jiko, kwa kuwa likishika moto huwaka upesi. Vilevile boksi liwe lile la kufungashia vyombo au chakula. Mabamba ya povu yaliyong'olewa kwenye majengo ya zamani yasiingizwe jikoni, kwa sababu mengi yalitiwa kemikali ya kuzuia moto iitwayo HBCD, ambayo mwaka 2013 iliwekwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm wa kemikali sumu zinazodumu muda mrefu katika mazingira.

Wauza samaki wamelijua jambo hili kabla yetu sote. Ukifika Feri alfajiri utawakuta akina mama wamepanga maboksi ya povu yaliyokwishafanya safari zake nyingine huko nyuma, yamezungushiwa mkanda wa gundi kwenye kona zilizomeguka, ndani yake barafu na vibua. Muuza barafu anayepita na baiskeli mitaani, deli lake mara nyingi ni povu lililovikwa mbao au mfuko wa salfeti ili lisichubuke. Kule Mwanza, minofu ya sangara inayosafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya hupakiwa ndani ya maboksi ya povu hilihili. Nako pwani na ziwani wavuvi hukata vipande vyake wakavifanya maboya ya nyavu. Hilo la mwisho, pamoja na heshima yangu kwa wavuvi, ndilo matumizi ninayoyaunga mkono kwa shingo upande, kwa sababu boya lisilovikwa kitu huliwa na jua, hugeuka manjano na kuwa unga, na chembe zake huishia baharini, ambako samaki na ndege huzimeza wakidhani ni chakula. Boya likishonewa gunia gumu au likavishwa kipande cha mpira hudumu zaidi na halimwagi chembe.

Suala la chembe linastahili uangalifu popote povu linapokatwa. Lisimegwe kwa mikono wala kukatwa kwa msumeno wa meno makubwa. Kisu chembamba chenye makali, kilichopakwa nta ya mshumaa au sabuni, hupita kama kwenye jibini, na kazi ikifanyika juu ya shuka lililoloweshwa kidogo, chembe chache zinazotoka hubaki hapohapo. Mafundi wengine hulikata kwa waya wa moto. Wafanye hivyo nje penye upepo, kwa kuwa moshi wake si wa kuvuta. Na ile desturi ya kuliyeyusha kwenye petroli ili kupata gundi ya kuzibia mabati, ambayo nimeiona zaidi ya mara moja, iachwe. Mtu anakaa na kopo la petroli mkononi, mvuke wake puani, na gundi anayoipaka ikishika moto haizimiki kirahisi.

Kuwashia jiko kwa vipande vya povu ni kubaya kuliko yote hayo. Moshi ule mweusi hubeba masizi, gesi yenye sumu iitwayo kaboni monoksidi na stairini, kemikali ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, mwaka 2018 liliiweka katika kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa kwamba husababisha saratani kwa binadamu. Anayeuvuta kwanza ni mama aliyeinamia jiko na mtoto aliye mgongoni mwake.

Matumizi mengine nitayapitia kwa haraka. Vipande vilivyokwisha kuvunjika vinaweza kusagwa na kuchanganywa na saruji kupata zege jepesi la kujazia sakafu au kutengenezea vyungu vya maua, ilimradi chembe zianze kupakwa uji wa saruji, la sivyo huelea juu ya mchanganyiko, na ilimradi mtu asijengee zege hilo nguzo wala ukuta wa kubeba paa. Kwa upande wa ujenzi wa kitaalamu, Shirika la Nyumba la Taifa la Kenya lina kiwanda cha paneli za povu huko Mavoko, ishara kwamba ukanda wetu tayari unaitambua nguvu ya kitu hiki kinapokuwa kipya. Kinapokuwa mabaki ndipo tunapokisahau.

Ni kweli kwamba si kila kipande kitapata kazi ya pili nyumbani. Mtaa wenye nyumba 100 hauhitaji madeli 100. Yanayobaki lazima yasafiri, na yakisafiri lazima kwanza yapunguzwe hewa. Katika soko la samaki la Tsukiji jijini Tokyo, kabla halijahamia Toyosu mwaka 2018, maboksi ya povu yaliyeyushwa na kugandishwa kuwa matofali mazito humohumo sokoni, na kilichotoka nje ya geti kilikuwa malighafi yenye kilo, ambayo mnunuzi huigombania. Plastiki hiyo hutengenezewa fremu za picha, henga za nguo na vitu vya namna hiyo. Zipo pia mashine za kushindilia bila moto, ambazo hubana rundo la ukubwa wa chumba likawa furushi la kubebwa na watu wawili. Mashine moja ya aina hiyo, ikimilikiwa na kikundi cha wazoa taka pale Kariakoo ambako bidhaa nyingi za umeme hushushwa, ingemrudishia yule kijana wa Alhamisi kilo zake.

Wafanyabiashara watauliza povu litafikaje Kariakoo kutoka Tabata, Mbagala na Bunju bila gharama. Jibu liko mbele ya macho yetu kila siku: guta lililoleta jokofu linarudi tupu. Kirikuu kilicholeta televisheni tatu kinarudi tupu. Safari imeshalipwa, nafasi ipo, na mzigo wenyewe hauna uzito wa kuongeza hata lita moja ya mafuta. Kinachokosekana ni duka kukubali kupokea, na duka halitakubali mpaka liambiwe kwamba ni wajibu wake. Katazo letu la Juni 1, 2019 lililenga mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, nalo lilibadilisha mitaa yetu kwa namna ambayo wengi hatukuitarajia, lakini povu la ndani ya maboksi halikuguswa. Kenya, kwa sheria yake ya usimamizi endelevu wa taka ya mwaka 2022, imeweka msingi wa kumbebesha mzalishaji na mwingizaji wa bidhaa jukumu la kifungashio chake hata baada ya mauzo. Ningependa kuona msingi huo hapa, na ningependa uanze na bidhaa kubwa za umeme, kwa sababu waingizaji wake ni wachache na wanajulikana.

Wiki iliyopita sisi nasi tuliletewa televisheni. Nilimwomba kijana wa guta anisubiri dakika kumi. Nikalifungua boksi kwa kufuata mkanda wake wa gundi, nikatoa vipande vinne vya povu bila kuvivunja kona, nikavirudisha ndani ya boksi tupu na kulifunga kwa kamba ileile. Aliniuliza avipeleke wapi. Nilikuwa nimeshazungumza na fundi wa televisheni aliye jirani na duka tuliponunua, ambaye wateja wake husafirisha televisheni kwenda mikoani kwa mabasi na hukosa cha kuzikingia. Fundi alivipokea siku hiyohiyo, na jioni alinipigia simu kuuliza kama majirani zangu wana vingine.