Mwacheni Mama achambue mchele

Mzee niliyekuwa namhudumia hapa Leicester, Uingereza, alivaa shati kwa dakika kumi na moja. Nakumbuka dakika zenyewe kwa sababu nilikuwa nimesimama pembeni, mikono inaniwasha kumsaidia, na yule dada wa tiba kwa vitendo, ile ya kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake za kila siku, aliyekuja kumfundisha alinitikisia kichwa: usiguse. Yeye mwenyewe mikono kaifunga nyuma ya mgongo. Kiharusi kilikuwa kimempiga mzee upande wa kushoto. Akaambiwa alilaze shati mapajani, auingize kwanza mkono mgonjwa, avute kitambaa mpaka kipite kiwiko, kifike begani, ndipo mkono mzima ufuate. Kuvua ni kinyume: mzima kwanza, mgonjwa mwisho. Kifungo cha mwisho kilipoingia, jasho lilikuwa linamtoka kama mtu aliyeshinda shambani na jembe.

Miezi michache baadaye simu ikaja kutoka Tanga. Mama kapooza upande wa kulia na kauli imepotea.

Nilipopata likizo na nauli, wiki ya tano ilikuwa imeingia. Nilimkuta Mama sebuleni kwenye godoro jipya, mito pande zote. Dada yangu mkubwa anamnywesha uji, binti wa kaka anamchua mkono kwa mafuta ya mnyonyo, shangazi kakaa kichwani anamsomea. Mchana na usiku hakukosekana mtu. Huku Uingereza nimewahi kuhudumia watu ambao kwa siku nzima binadamu waliyemwona ni mimi tu, kwa nusu saa. Nililia kwa shukrani, na shukrani ile ninayo mpaka leo.

Siku ya tatu ndipo nikaliona lililokuwa linanisumbua. Kuna kipimo kinaitwa Barthel, kinatumika tangu 1965, kinauliza mambo kumi: mgonjwa anakula mwenyewe? Anaoga? Ananawa uso na kuchana nywele? Anavaa? Anazuia haja ndogo? Na kubwa? Anajimudu chooni? Anahama kutoka kitandani kwenda kitini? Anatembea? Anapanda ngazi? Nikawa nampima Mama kimoyomoyo, nikagundua sina cha kupima, maana yote alikuwa anafanyiwa. Tangu alfajiri mpaka kulala hakushika hata kikombe, wala kwa ule mkono wa kushoto ambao haukuwa na shida yoyote.

Mkono wa mtu aliyepata kiharusi haujafa. Kilichoumia ni sehemu ya ubongo iliyokuwa inauamrisha, na ubongo una uwezo wa kutafuta njia nyingine, lakini njia hiyo huchimbwa na mgonjwa mwenyewe, kwa kujaribu jambo lilelile mara mia na mara elfu. Kuchuliwa kunatuliza na kunazuia viungo kukakamaa, sikatazi. Ila mkono unaochezwa na mtu mwingine haujifunzi kuamrishwa. Usipotumika, mwenyewe huuzoea kama mzigo, na hata nguvu kidogo iliyobaki huachwa bila kazi. Na jamani, tusimnyanyue mgonjwa kwa kumvuta mkono uliolegea! Misuli iliyokuwa inashikilia bega haipo kazini, bega linateguka kidogo kidogo, na maumivu yake hukaa miaka. Nyumbani kwetu walikuwa wanamnyanyua hivyo kila asubuhi, kwa mapenzi kabisa.

Niliposema Mama apewe kijiko ale mwenyewe, Dada alinijibu neno lililonichoma. "Wewe mwenzetu umekaa Ulaya, umekuwa na roho ngumu. Majirani wakiingia wamkute Mama anahangaika na kijiko sisi tumekaa tunamtazama, watasemaje?"

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuna mtaalamu wa huku angelijua. Mkono wa Mama uliopooza ni wa kulia, na Mama hawezi kula kwa kushoto mbele ya watu. Alilelewa hivyo, katulea hivyo, sote tulichapwa vidole kwa ajili hiyo. Alikuwa radhi alishwe kama mtoto kuliko kupeleka tonge mdomoni kwa mkono ule. Leicester mtu akipooza kulia anafundishwa siku ya kwanza kushika kijiko kwa kushoto, basi. Kwetu ilibidi kwanza shangazi, ambaye Mama anamheshimu, akae naye amkumbushe kuwa dini haikumbebesha mgonjwa asichoweza. Mazungumzo yale yalifanya kazi kubwa kuliko vifaa vyote nilivyobeba kwenye begi.

Kuhusu kauli pia tulikosea. Mama hakuweza kusema "maji". Ananyoosha kidole, anaguna, machozi yanamtoka. Lakini shangazi akianza Alhamdu, Mama anaipokea mpaka mwisho. Nyumba ikagawanyika: wengine wakasema ni karama, wengine kuna kitu kimemkalia. Maelezo yako karibu zaidi. Kwa watu wengi kazi ya kutafuta neno na kuunda sentensi iko upande wa kushoto wa ubongo, ndio huohuo unaoamrisha mkono wa kulia, ndiyo maana viwili hivi mara nyingi huondoka pamoja. Maneno yaliyokaririwa tangu utotoni, sura, nyimbo, kuhesabu moja hadi kumi, mara nyingi hupona. Akili ya Mama ilikuwa palepale, na alisikia kila tulipojadili mbele yake nani atamtunza na nani amechoka. Hilo linaniuma kuliko yote. Mtu wa namna hii muulize swali moja kwa wakati, la kujibiwa ndiyo au hapana, halafu nyamaza usubiri. Usimmalizie.

Tulianza na udhu. Mara tano kwa siku, kitini, beseni mbele, mkono wa kulia kwanza, wa kushoto ukiusaidia. Nimefanya kazi huku miaka minane na sijaona ratiba ya mazoezi ambayo mgonjwa anaishika kwa moyo kama ile. Kisha tukampa ungo. Mchele kidogo tu, atoe mawe na chuya, hata kwa kusukuma na vidole viwili. Siku ya kwanza nusu yake ulimwagika kwenye mkeka, Dada akatoka nje asione.

Sasa msidhani nawaletea Uingereza kama mfano. Mwongozo wao wa 2023 unasema aliyepata kiharusi apewe angalau saa tatu za mazoezi kwa siku, siku tano kwa wiki, kama anazihitaji na anaziweza. Ni mwongozo mzuri, lakini sisi tunaoingia majumbani tunajua wengi hawapati hata robo yake. Timu ya kumfuata mgonjwa nyumbani huja wiki chache, mara nyingi sita hivi, halafu inaaga. Yule mzee wa shati, timu ilipoondoka, tulibaki sisi wahudumu wa kampuni. Nilipewa dakika thelathini: kumwogesha, kumvalisha, kifungua kinywa, dawa, kuandika ripoti, na nyumba inayofuata inasubiri. Shati la dakika kumi na moja ningeliweka wapi? Nilimvalisha mwenyewe. Kila asubuhi, kwa haraka na kwa adabu, nikamnyang'anya kile alichokitolea jasho. Mwaka haukuisha akawa hajui tena kuanza na mkono upi. Nyumba yake ilikuwa na vyuma vya kushikia kila ukuta, kiti cha choo kimeinuliwa, bafuni kiti cha kuogea. Aliyekosekana ni mtu wa kumsubiri.

Kwetu watu wa kusubiri wapo, na muda upo. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kutuonyesha. Mama aliruhusiwa hospitali na karatasi ya dawa za presha na neno "mazoezi", bila kuelezwa mazoezi gani. Kliniki ya fizio, yaani ya mazoezi ya viungo, ilikuwa mara moja kwa wiki. Bajaji ya kwenda na kurudi, na vijana wawili wa kumbeba, wakaenda mara mbili wakachoka. Wataalamu wa tiba kwa vitendo wanafundishwa Moshi, hospitali ya KCMC, kwa miaka mingi sasa, lakini ni wachache na wengi wako hospitali kubwa. Wakati huohuo ugonjwa si mdogo. Utafiti uliofanyika kati ya 2003 na 2006, hesabu ikisawazishwa kwa umri, ulikuta wagonjwa wapya wa kiharusi karibu 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka wilayani Hai, na karibu 316 Dar es Salaam. Hiyo ya Dar inazidi nchi nyingi tajiri.

Wala sisemi familia ikipewa somo la siku moja basi yameisha. India walijaribu: wagonjwa 1,250 katika hospitali 14, ndugu wakafundishwa kuwafanyisha mazoezi, na matokeo yaliyochapishwa 2017 hayakuonyesha tofauti na wale waliopata huduma ya kawaida. Huwa naukumbuka utafiti huo kila ninapotaka kujisifu kwa ajili ya Mama. Ndugu anahitaji mtu wa kumrudia, aone mgonjwa kafika wapi, aongeze kazi, arekebishe lile bega. Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii Januari 2024, watu wanaotembea nyumba kwa nyumba. Naomba huduma za utengamao, yaani za kumsaidia mgonjwa ajimudu tena, ziwe sehemu ya mafunzo yao kweli kweli: namna ya kumnyanyua mtu, kumgeuza asipate vidonda, kumkalisha wima anapokunywa ili maji yasiende njia ya hewa, kumfundisha kuvaa. Na wodini, kabla karatasi ya kuruhusiwa haijasainiwa, aitwe yule atakayelala na mgonjwa, afanye mbele ya nesi, si kuambiwa tu.

Sasa ni mwaka na miezi minne tangu Mama apooze. Anatembea na fimbo mpaka barazani. Maneno yanakuja mojamoja, na jina langu bado analichanganya na la Dada. Kijiko tumekizungushia kipande cha kanga kuukuu kwenye mpini ili kinenepe, anakishika kwa kulia, na wali anaumaliza mwenyewe. Ugali bado. Juzi Dada alinitumia video ya ungo, akalalamika kuwa Mama siku hizi hakubali mchele upikwe kabla hajaupitia, na chakula cha mchana kinachelewa mpaka saa tisa.