Kwa Wazee wa Makazini, Tukaimbe Nao

Kila ifikapo Desemba, kwaya nyingi za makanisa yetu huku Kanda ya Ziwa hukodi basi dogo, hununua sukari, sabuni, mchele na kanga, kisha huelekea kwenye makazi ya wazee yaliyo karibu ili kuwafariji kwa neno na nyimbo. Nimekuwamo katika safari hizo kwa miaka kumi na miwili, nikiimba sauti ya nne, na sina neno baya juu ya sukari wala sabuni, kwa sababu vitu hivyo vinahitajika na hupokelewa kwa shukrani ya kweli. Ninaloandika leo linahusu ile saa moja na nusu ya ibada, ambayo kwa maoni yangu tumeiendesha vibaya muda mrefu. Tumewaimbia wazee pasipo kuimba nao, na tumewahubiria kama watu wasiomjua Mungu, ilhali wengi wao walibatizwa kabla sisi hatujazaliwa.

Siku iliyonifumbua macho tulifika na spika mbili kubwa, kinanda na jenereta. Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa amechagua nyimbo sita mpya, zote za mwendo wa kasi, tulizokuwa tumezifanyia mazoezi kwa ajili ya tamasha. Baada ya wimbo wa pili, kiongozi alishika kipaza sauti akawataka wazee wote wapige makofi kwa Bwana. Mstari wa mbele aliketi babu mmoja aliyepona ukoma zamani, ambaye vidole vya mikono yote miwili vilikuwa vimekwisha. Aliinua mikono, akaitazama, akairudisha taratibu chini ya shuka. Makazi mengi ya wazee ya serikali katika nchi yetu yalianza kama makambi ya wagonjwa wa ukoma, na kila anayekwenda kuimba huko alipaswa kulifahamu hilo kabla ya kupanda basi. Sisi hatukuuliza.

Lililofuata lilikuwa zito zaidi. Mhubiri wetu, kijana mwenye bidii na nia njema, alihubiri juu ya wachawi, kisha akaanza kukemea mapepo yatoke katika nyumba ile. Msomaji asiye wa Usukumani huenda asione uzito wa jambo hilo. Katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza na jirani zake, wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingi ushahidi pekee ulikuwa macho mekundu, yaliyoharibiwa na moshi wa kupikia kwa miaka mingi, pengine moshi wa kinyesi cha ng'ombe pale kuni zilipoadimika. Wapo bibi waliofika makazini wakikimbia tuhuma hizo. Fikirieni basi bibi wa namna hiyo, aliyedhani amepata mahali pa kulaza kichwa, anasikia neno lile lile lililomfukuza kijijini kwake likitamkwa kwa kipaza sauti na mtu aliyeshika Biblia. Bibi wawili waliondoka ukumbini kabla ya sala ya kufunga. Hakuna aliyewafuata, nami nikiwa mmoja wa wasiowafuata.

Nilirudi peke yangu wiki iliyofuata, siku ya Alhamisi, bila kinanda wala zawadi, nikamwomba afisa mfawidhi wa makazi ruhusa ya kuketi na wazee baada ya chai. Nilisalimia "mwangaluka", salamu ya Kisukuma, nikakaa kwenye benchi, nikauliza kama kuna mtu anayependa kuimba. Bibi mmoja alianza mwenyewe, kwa sauti ya chini sana, wimbo wa Kisukuma ambao sikuwahi kuusikia kanisani kwetu. Wengine wanne wakaingia ubeti wa pili. Babu aliyekuwa kimya muda wote, ambaye wahudumu waliniambia kwamba hata majina ya wanawe hayakumbuki tena, aliimba sauti ya tatu kwa usahihi ambao kwaya yetu huutafuta kwa mazoezi ya mwezi mzima.

Nimelifikiria jambo hilo sana tangu hapo. Wamisionari wa Africa Inland Mission walipokipokea kituo cha Nassa, kando ya Ziwa Victoria, mwaka 1909, kazi ya Injili huku iliendelea kwa Kisukuma, na kizazi kilichofunzwa katika madarasa ya ubatizo ya miaka ya 1940 na 1950 kiliyapokea maneno ya imani kwa lugha hiyo, kikayahifadhi moyoni, kwa kuwa vitabu vilikuwa vichache na wengi hawakujua kusoma. Kwa Wahaya, Wanyakyusa na Wachaga historia inafanana, ingawa madhehebu ni tofauti. Kwa hiyo tunapofika na nyimbo zilizotungwa mwaka jana, hata zikiwa nzuri, tunawafanya wazee kuwa watazamaji katika nyumba yao wenyewe. Tukiimba za zamani, wao ndio wenye wimbo na sisi ndio wageni.

Yapo pia mambo ya ufundi, ambayo mwalimu yeyote wa kwaya anaweza kuyarekebisha ndani ya wiki moja. Sauti ya mzee hushuka na pumzi yake hupungua, hivyo wimbo ushushwe noti mbili au tatu chini ya ule ufunguo tuliouzoea, na uimbwe polepole, ukipumzika mwishoni mwa kila mstari. Spika ziachwe nyumbani. Mzee mwenye usikivu hafifu hasaidiwi na kelele, kwa sababu kelele humchanganyia maneno. Husaidiwa na mtu aliyeketi mbele yake, akimtazama, akitamka wazi. Na beti ziimbwe zote, kwani ule wa mwisho, tunaoukata ili kuokoa muda, mara nyingi ndio unaozungumzia kufa.

Hapo ndipo kwaya nyingi huogopa. Tunadhani kumfariji mzee ni kumwimbia furaha tupu, kana kwamba tukilitaja kaburi tutamkumbusha jambo alilolisahau. Wimbo wa "Kaa Nami", ambao makanisa yetu mengi huuimba misibani, ulitungwa na mchungaji Henry Francis Lyte, aliyekuwa mgonjwa na ambaye alifariki mwaka huo huo wa 1847 akiwa na umri wa miaka 54. Ni sala ya mtu anayeona jua lake linazama na anaomba asiachwe peke yake. Nimeuimba na wazee mara nyingi sasa, na sijaona hata mmoja aliyehuzunishwa nao; nimeona watu waliopata maneno ya kusema kile wanachokiwaza usiku. Mtunga zaburi naye hakuficha: "Usinitupe wakati wa uzee, nguvu zangu zipungukapo usiniache."

Suala la kuhubiri ni gumu zaidi, na najua wapo ndugu zangu katika imani watakaotofautiana nami. Naamini Injili ni kwa watu wote, mzee na kijana. Hata hivyo, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliihesabu familia kuwa mlezi wa kwanza wa mzee, na makazi kuwa hatua ya mwisho. Maana yake ni kwamba tunaowakuta pale ni watu ambao kwa kawaida hawana kwingine pa kwenda. Katika ukumbi huo huo wapo Waislamu, na wapo wanaoshika mila za wazee wao. Mtu anayekula na kulala katika nyumba moja hana mlango wa kutokea pale sisi tunapoanza kuhubiri, na sabuni ikigawiwa baada ya mahubiri, atahisi kwamba ameilipia kwa kukaa kimya. Ndiyo maana napendekeza zawadi zikabidhiwe ofisini siku nyingine kabisa, na ibada ifanyike kivulini au katika chumba cha pembeni, ili anayetaka aje na asiyetaka abaki kitandani kwake kwa amani. Mzee mmoja wa Kiislamu huja kila mara kukaa nasi kwa sababu, kama alivyoniambia, anapenda kusikia watu wakiimba pamoja. Sijamuuliza zaidi ya hapo, na simnyimi nafasi.

Sasa tunakwenda watatu, kila Alhamisi ya pili ya mwezi, na kwaya nzima huja Desemba kama zamani, ila bila jenereta. Yule bibi aliyeanzisha wimbo siku ile ametupatia beti nne za Kisukuma, nami nimeziandika kwenye daftari, nikazitafutia noti za solfa. Anasema upo ubeti wa tano, lakini umempotea. Hukumbuka mstari wa kwanza tu, kisha hunyamaza na kutikisa kichwa. Mara ya mwisho aliniomba nisiache kumuuliza, kwa kuwa anaamini utarudi.