Rangi Anaweka Lini?

Juzi niliweka picha kwenye grupu la familia. Mchoro wa mchoraji Vincent van Gogh wa Machi 1884, enzi hizo akikaa Nuenen, kijiji cha kusini mwa Uholanzi ambako baba yake alikuwa mchungaji. Penseli na wino. Haikupita dakika mbili shemeji akaandika: "Mbona haijaisha? Rangi anaweka lini?" Vicheko vikamiminika. Mjomba akatangaza kwamba mwanawe wa darasa la nne anamshinda.

Haya, mpeni huyo bingwa penseli achore safu ile ya miti iliyopogolewa. Vichwa vimefyekwa, na juu ya visiki fito nyembamba zimesimama kama nywele za mtu aliyeshtuliwa usingizini. Upande mmoja kuna mtu na reki yake begani, upande wa pili mchungaji (huyu wa kondoo kwelikweli, si baba yake). Kila mmoja na hamsini zake. Mwaka 1882, akiwa mjini Den Haag, hukohuko Uholanzi, Vincent alikuwa amemwandikia mdogo wake Theo kwamba mierebi (aina ya miti) iliyopogolewa, ikijipanga safu, huwa na kitu cha wazee wa nyumba ya maskini wakipita kwa msafara. Sasa rudini kwenye picha. Hamwoni wale wazee?

Nadhani tatizo letu lilianzia shuleni. Siku tulipohamia kalamu ya wino tulijiona watu wazima, penseli ikabaki ya ramani na ya kufutwa. Kwa hiyo tukiona penseli tunangoja kazi yenyewe ije. Jamani, kazi yenyewe ndiyo hii! Rangi inaweza kukuficha, mstari haukufichi. Palipokandamizwa panaonekana, palipoguswa kidogo panaonekana, hata mkono ulipokimbia.

Na msidhani alichukulia penseli kimzaha. Kule Den Haag alitumia ile nene ya fundi seremala, kisha akamwagia mchoro maziwa ili ule mng'ao wa penseli ufe, weusi ubaki mzito. Maziwa! Nilipomsimulia mama alisema huo ni ufujaji. Nilicheka, halafu nikanyamaza, maana mtu huyo alikuwa anaishi kwa hela za mdogo wake.

Sawa, nakubali, kondoo wake wamekaa kama magunia. Na rangi si dhambi. Alizeti mnazozibandika sebuleni alizichora yeye huyohuyo, mwaka 1888, akiwa Arles, mji wa kusini mwa Ufaransa. Ila mkono ule hakuuokota Ufaransa. Aliusugua kwenye karatasi kama hizi, ambazo leo makumbusho huzifungia gizani kwa sababu mwanga huzila.

Asubuhi hii shemeji kanifuata pembeni, nje ya grupu: "Kwani hiyo karatasi inauzwa shilingi ngapi?"

Nimemtumia picha upya. Nimemwambia ahesabu fito kwanza.